Bangi ya kula: piga hesabu kabla hujawasha oveni (kwa mlio nchi zinazoruhusu)

Bint Pangani ameandika:

Wakuu, salaam.

Nipo Ontario, Kanada, na riziki yangu ni kuuza kwenye duka la bangi lenye leseni. Waswahili wanaoingia dukani wakisikia lafudhi yangu huwa wananivuta pembeni, na swali ni lile lile: dada, mtu akitaka kula badala ya kuvuta, anaitayarishaje? Wengine hawavuti kabisa, kifua hakiwaruhusu. Wengine wanaishi ghorofani na mwenye nyumba amepiga marufuku moshi. Nimeona nianzishe uzi mmoja niyaweke yote, maana video za mtandaoni zinaonyesha mapishi vizuri sana, ila zinaruka sehemu ile ile inayopeleka watu hospitali, yaani hesabu.

Mapema kabisa niseme hivi. Naandika kwa watu wazima walio mahali sheria inaporuhusu. Kanada bangi ilihalalishwa 17 Oktoba 2018, na vyakula vyenye bangi vikaruhusiwa mwaka mmoja baadaye, 17 Oktoba 2019. Mtu mzima anaruhusiwa kujitengenezea nyumbani kwake chakula au kinywaji chenye bangi, mradi asitumie kemikali kama butani kuikamulia. Hapo kwenye butani watu wameunguza nyumba, kwa hiyo sitapagusa kabisa kwenye uzi huu. Ndugu zangu mlio Tanzania na Kenya, huko ni kosa la jinai, na kuiweka ndani ya keki hakubadilishi chochote. Someni kwa kujua tu.

Tuanze na mmea wenyewe. Bangi mbichi haina stimu. Kilichojaa kwenye ua ni asidi inayoitwa THCA, na hiyo mwilini hailevyi. Inapopata joto la kutosha inaachia hewa ya ukaa na kubaki THC, ambayo ndiyo kileo chenyewe. Anayevuta, moto wa kiberiti unamfanyia kazi hiyo kwa sekunde. Anayepika lazima aifanye mwenyewe kabla ya kuchanganya na kitu kingine. Ndiyo maana utaona watu wanasambaza majani kwenye trei, wanayafunika na foili, wanayaweka kwenye oveni ya joto la chini. Kiwango kinachotajwa zaidi ni kati ya nyuzi 105 na 120 za Selsiasi, kwa nusu saa hadi saa moja. Ukipandisha sana ukidhani unaharakisha, THC yenyewe inaanza kuharibika, na sehemu yake inageuka kuwa CBN, ambayo nguvu yake ni ndogo. Ukiteremsha sana, asidi inabaki asidi.

Oveni nyingi za nyumbani zinadanganya. Kitufe kinasema 110, ndani mna 130. Kipimajoto kidogo cha kuning'iniza kwenye waya wa oveni ni cha bei ndogo, kinunueni. Na mjue kwamba harufu itajaa nyumba nzima na kutoka hadi koridoni.

Hatua ya pili ni mafuta. THC haiyeyuki kwenye maji, inayeyuka kwenye mafuta. Siagi, samli, mafuta ya nazi, vyote vinafaa. Unaiacha itulie ndani ya mafuta kwa moto mdogo, bila kuchemka, kisha unachuja kwa kitambaa chepesi. Wahindi wanalijua hili tangu zamani. Bhang ya sikukuu ya Holi inasagwa na kuchanganywa kwenye maziwa, na maziwa yana mafuta yake.

Upishi umeishia hapo, na kweli si mgumu. Ugumu unaanza sasa.

Chukueni pakiti yoyote ya ua inayouzwa Kanada, muisome. Mtaona mistari miwili ya THC. Mmoja ni mdogo, labda miligramu 6 kwa gramu, na mwingine umeandikwa jumla ya THC, labda miligramu 200 kwa gramu. Wateja wengi wanausoma ule mdogo na kusema mbona hii dhaifu. Ule mdogo ni THC iliyopo kabla ya moto. Mkubwa ndio utakaokuwa nao ukishaipasha. Kwa mpishi, namba inayohesabika ni ile kubwa.

Miligramu 200 kwa gramu ni sawa na asilimia 20, na maua mengi dukani yako hapo au zaidi. Sasa wekeni gramu moja tu kwenye siagi, tengenezeni biskuti 20. Kila biskuti ina miligramu 10. Kanada, miligramu 10 ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwenye pakiti nzima ya chakula cha dukani. Pakiti nzima! Na Wizara ya Afya ya Kanada inamshauri asiyezoea aanze na miligramu 2.5 au pungufu.

Kwa hiyo mtu anayetaka biskuti 20 za miligramu 2.5 anahitaji miligramu 50 kwa trei yote. Hiyo ni robo gramu ya ua. Robo gramu haijai hata msokoto mmoja wa kawaida. Ukiishika kiganjani utadhani ni uchafu uliobaki mfukoni, na ndipo watu wanapodharau na kuongeza.

Halafu anakuja mtu na pishi alilopewa na rafiki, linasema aunsi moja ya bangi kwa nusu kilo ya siagi. Aunsi ni gramu 28. Kwa ua la asilimia 20 hizo ni miligramu 5,600. Zigawe kwa biskuti 20, kila moja ina miligramu 280. Mapishi ya namna hiyo ni ya enzi nyingine. Bangi iliyokamatwa Marekani na kupimwa mwaka 1995 ilikuwa na wastani wa THC wa asilimia 4 hivi, na ilipofika 2014 wastani ulikuwa asilimia 12. Siku hizi asilimia 20 ni kitu cha kawaida rafuni. Pishi halikubadilika, ila kilichomo ndani kimezidi mara tano.

Nitaendelea na habari ya muda na ini nikitoka kazini. Karibuni.

---

Mzee wa Gerezani ameandika:

Binti, shikamoo zako nimezipokea hata kama hukuzitoa. Niulize kitu. Mimi wakati wa ujana niliona watu wanachanganya msuba kwenye mboga, wanaukatakata kama mchicha, na hawakuwa wakilewa. Wengine wanasema inatibu tumbo. Ina maana walikuwa wanakula bure?

Bint Pangani ameandika:

Shikamoo mzee wangu, na samahani kwa kupitiliza. Majani mabichi kwenye mboga yana asidi ile niliyoitaja, THCA. Mboga ya majani inakaa motoni dakika chache, na palipo na maji joto haliwezi kupita nyuzi 100. Kwa hiyo asidi kidogo inageuka na kubwa inabaki. Isitoshe, majani mapana hayana nguvu kama ua. Lakini mzee, kupika muda mrefu na mafuta mengi, kama tui zito la nazi, kunaweza kugeuza kiasi cha kumfanya mtu ayumbe, na hatajua ni kiasi gani. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Kuhusu tumbo siwezi kukuthibitishia.

---

Kamanda wa Zamu ameandika:

Naona Mods mmelala. Uzi wa kufundisha vijana kupika bangi unaachwa hivi hivi? Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imeshakamata biskuti zilizochanganywa na bangi hapa hapa nchini, na walengwa ni wanafunzi. Mleta uzi, unajua unachokifanya?

Bint Pangani ameandika:

Kamanda, nakuelewa na sikupingi kuhusu sheria. Sheria ya Tanzania ya 2015 inakataza kuilima, kuimiliki, kuisafirisha, kuiuza na kuitumia, na nimesema hivyo juu. Lakini hizo biskuti unazozitaja zipo, na mwanafunzi anayepewa hajui ina nini ndani. Muuzaji mwenyewe hajui. Hakuna lebo wala kipimo, trei moja biskuti hii inaweza kuwa na miligramu 5 na ya pembeni yake 60, kwa sababu siagi haikuchanganyika sawasawa. Mzazi aliyesoma hapa atajua kwamba mtoto aliyekula kitu saa saba mchana anaweza kuzidiwa saa kumi, na hatakimbilia kusema amerogwa. Naamini ni bora hayo yaandikwe kwa Kiswahili kuliko yasiandikwe.

Kamanda wa Zamu ameandika:

Sawa. Ila hapo kwenye lebo na wanafunzi ungepaweka mwanzoni kabisa.

---

Bint Pangani ameandika:

Naendelea, na Kamanda nimekusikia.

Ukivuta, THC inapita kwenye mapafu na kufika ubongoni ndani ya dakika chache. Unasikia, unaacha. Ukila, inapita tumboni, utumbo mdogo, kisha ini. Ini linaibadilisha kuwa kitu kingine kinachoitwa 11-hydroxy-THC, ambacho kinaingia ubongoni kwa urahisi na kinalevya vilevile, wengi wanasema kwa uzito zaidi. Ndiyo maana mvutaji wa miaka mingi anaweza kula kipande kimoja akalala sakafuni. Uzoefu wa kuvuta haumlindi mtu anapokula.

Muda wake ni huu. Inaanza kusikika kati ya nusu saa na saa mbili baada ya kula. Kilele kinaweza kufika hadi saa nne tangu kula. Inadumu kwa muda wa hadi saa kumi na mbili, na uzito wa mwili na akili unaweza kubaki hadi siku ya pili. Aliyekula usiku saa nne asidhani asubuhi yuko tayari kushika usukani.

Kosa linalojirudia kuliko yote ni kuongeza. Mtu anakula, anasubiri dakika 40, hasikii kitu, anasema hii feki, anakula nyingine mbili. Kisha zote zinafika pamoja.

---

Papa Kalemie ameandika:

Dada, niko Denver, Colorado. Mimi ni Mkongomani, na kwetu sisi hapa kuna habari moja hatutaisahau. Machi 2014, miezi michache tu baada ya maduka kufunguliwa tarehe 1 Januari, kijana wetu wa miaka 19, mzaliwa wa Kongo, alikuwa anasoma chuo huko Wyoming. Alikuja hapa mjini na rafiki zake. Walinunua biskuti. Muuzaji aliwaambia mtu akate vipande sita, ale kimoja. Kijana alikula kimoja kweli. Baada ya nusu saa au saa moja hivi akaona hakuna kitu, akamaliza yote iliyobaki. Ile biskuti ilikuwa na miligramu 65.

Akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, na ukali ukamwingia. Saa mbili na nusu tangu amalize biskuti, aliruka kutoka roshani ya ghorofa ya nne. Walipompima hawakukuta pombe wala dawa nyingine. Wakubwa wa afya wa Marekani waliandika ripoti yake mwaka 2015. Yeye hakuwahi kutumia bangi kabla ya siku ile.

Kilichoniuma ni kwamba aliambiwa. Lakini nani ameona biskuti moja ya mkono ikaliwa na watu sita?

Bint Pangani ameandika:

Papa Kalemie, asante kwa kuiandika, na pole kwa jamii yote ya hapo. Hicho ulichokisema mwishoni ndicho kilichobadilisha sheria za kwenu. Tangu 2015 Colorado inataka kila kipande cha miligramu 10 kitengwe au kiwekewe mstari, mtu akikata ajue anakata nini. Kanada wakaenda mbali zaidi na kufunga pakiti nzima kwenye miligramu 10.

Sasa jikoni kwako hakuna anayekuwekea mstari. Ndiyo maana mimi nikiulizwa siwaelekezi watu kwenye biskuti kabisa. Nawaelekeza kwenye mafuta mepesi ya kupima kwa kijiko. Gramu moja ya ua la miligramu 200, iliyokwisha kupashwa, kwenye mililita 100 za mafuta ya nazi. Chukulia hakuna kilichopotea njiani (kitapotea kiasi, lakini usijipunguzie, hesabu kama kimebaki chote). Unapata miligramu 2 kwa kila mililita. Kijiko cha chai cha kupimia ni mililita 5, hicho ni miligramu 10. Robo ya kijiko hicho ni miligramu 2.5. Unaitia kwenye bakuli lako mwenyewe la uji au kipande chako cha mkate, unakula wewe peke yako. Hakuna trei mezani inayofanana na biskuti za kawaida, na kipimo hakitegemei kama unga ulikorogwa vizuri.

Tumieni vijiko vya kupimia vile vya seti. Kijiko cha kukorogea chai kila nyumba kina ukubwa wake. Na mizani iwe ya kidijiti inayosoma sehemu ya mia ya gramu, ile ya jikoni inayoruka gramu kwa gramu haifai kwa robo gramu.

---

Chiriku ameandika:

Swali mkuu. Nikishatengeneza hayo mafuta nayahifadhi wapi? Mimi ya kwangu iko kabatini karibu na jiko, chupa ya kioo, na majani yako ndani bado ili iendelee kukolea.

Bint Pangani ameandika:

Chiriku, hiyo chupa usiiguse tena. Majani ndani ya mafuta, joto la kawaida, hakuna hewa, hapo bakteria anayeleta botulizimu anaweza kuota na kutoa sumu yake. Ni hatari ile ile ya vitunguu saumu vinavyolowekwa kwenye mafuta na kuachwa nje. Huwezi kuisikia kwa harufu wala ladha, na inapooza misuli hadi ya kupumua. Mafuta yachujwe vizuri, yakae kwenye friji yatumike ndani ya wiki moja, ya muda mrefu yagandishwe kwenye friza kwa vipimo vidogo vidogo. Yako mwaga.

---

Nesi wa Minnesota ameandika:

Hamjambo nyote. Mimi ni Mkenya, nesi wa watoto huku Minnesota. Bint Pangani umeongea vizuri sana, lakini niruhusu niongeze ya watoto kwa sababu ndio tunawaona sisi.

Huku kwetu vyakula vya THC inayotokana na hempu (jamii ya bangi yenye THC kidogo sana) viliruhusiwa Julai 2022, hadi miligramu 5 kwa kipande, na vikaanza kuuzwa hata kwa maduka ya kawaida. Jamii zetu za Wakenya na Wasomali huku ni kubwa, nyumba zina watoto wengi, na wageni ni wa kila siku. Mtoto haoni dawa pale, anaona pipi. Nchi nzima ya Marekani, vituo vya sumu viliripotiwa watoto wa chini ya miaka 6 waliokula hivi vitu 207 mwaka 2017. Mwaka 2021 wakawa 3,054. Zaidi ya asilimia 90 walivipata nyumbani.

Mtoto aliyekula unamjua hivi. Kwanza analala usingizi usio wa kawaida, unamwamsha anafungua macho na kulala tena. Anatembea akiyumba. Mwingine anatapika, mwingine moyo unapiga mbio. Kwa mdogo sana, kinachotutia hofu ni kupumua polepole, wengine huwekwa ICU. Kama ni mtoto na umeona amekula, usingoje dalili. Marekani piga 1-800-222-1222, Kanada ni 1-844-764-7669, hawa ni watu wa sumu na simu ni bure. Kama haamki au hapumui vizuri ni 911 moja kwa moja. Usimtapishe, usimpe maziwa eti yatakata.

Na jamani, mwambieni daktari ukweli! Wazazi wetu wanaficha kwa aibu au kwa kuogopa watanyang'anywa mtoto. Mtoto analala hivyo bila sababu inayojulikana, tunalazimika kumtoa maji ya uti wa mgongo kutafuta homa ya uti wa mgongo, kumpiga picha ya kichwa, kumchoma sindano za bure. Neno moja la mzazi lingemwokoa na hayo yote.

Bint Pangani ameandika:

Dada nesi, Mungu akubariki. Naomba wote msome hapo mara mbili. Nyumbani kwangu hakuna kitu chenye bangi kinachofanana na chakula cha watoto, na kilichopo kina kufuli. Kufuli hasa, siyo rafu ya juu. Watoto wanapanda viti.

---

Chiriku ameandika:

Nimemwaga. Asante. Je, mtu mzima akizidiwa? Mwaka jana shemeji alikula akawa anasema anakufa, moyo unamkimbia, tukakesha naye.

Bint Pangani ameandika:

Mlifanya vyema kukesha naye. Mtu mzima mwenye afya aliyezidisha kwa kawaida inampita, ila ni saa nyingi za mateso. Mpeleke chumba tulivu, taa hafifu, asiwe peke yake, na asikae karibu na roshani wala ngazi. Mwambie kwa sauti ya chini kwamba ni ile aliyokula na itakwisha. Maji kidogo kidogo. Asiongezewe pombe wala dawa ya usingizi. Akilala, alale ubavu ili akitapika asipaliwe.

Kuna ambao hawasubiriwi nyumbani. Mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye maumivu ya kifua, aliyezimia, aliyeanguka na degedege, anayeona au kusikia visivyokuwepo na anataka kujidhuru. Hao ni gari la wagonjwa.

---

Mwana wa Kisauni ameandika:

Mama yangu ana miaka 68, anaishi nami Toronto, magoti yanamsumbua. Amesikia kwa rafiki zake wa kanisani kuwa mafuta haya yanasaidia, na anataka nimtengenezee. Anatumia dawa ya kuyeyusha damu, warfarin.

Bint Pangani ameandika:

Mkuu, usimpe hadi daktari au mfamasia wake ajue. Bangi inaweza kuzuia ini kuiondoa warfarin, damu ikawa nyepesi kupita kiasi na mtu akavuja damu ndani. Halafu kwa mtu wa umri huo kizunguzungu cha usiku kwenda chooni kinatosha kumvunja nyonga. Hapa kwetu kuna utaratibu wa bangi ya matibabu, daktari anaandika hati, mgonjwa anapata kutoka kwa muuzaji aliyeidhinishwa, na kipimo kinajulikana. Akikubaliwa, apitie huko. Mafuta ya jikoni si ya mgonjwa anayemeza warfarin, hata nikiyapika mimi.

Niongeze na hili kwa kuwa huwa naulizwa: mjamzito na anayenyonyesha wasitumie. THC inafika kwa mtoto kwenye kondo na kwenye maziwa.

---

Shangazi Ughaibuni ameandika:

Naenda Nairobi Disemba kwa arusi ya mpwa wangu. Kuna vijana hapa nyumbani wanataka kubeba pipi zao za dukani, wanasema zina risiti na lebo ya serikali ya Kanada hivyo hawawezi kushikwa.

Bint Pangani ameandika:

Shangazi, wakatalie kabisa. Kutoka Kanada na bangi, ya aina yoyote, ni kosa kwa sheria ya Kanada yenyewe, hata kwa mwenye hati ya daktari. Wakishuka Nairobi ni sheria ya Kenya, na kila uwanja wanaobadilishia ndege una sheria yake. Risiti itakachofanya ni kuthibitisha walijua walichobeba. Na sanduku ni lako, Shangazi, kwa hiyo kagua mifuko ya pembeni kabla ya kufunga.

Walio Marekani bila uraia wawe macho zaidi. Jimbo linaweza kuruhusu, lakini uhamiaji unafuata sheria ya serikali kuu, na huko bangi bado imekatazwa. Mtu anaweza kukwama kwenye kadi ya ukaazi kwa kukiri tu kwamba aliitumia, hata kama aliinunua dukani kihalali. Aongee na wakili wa uhamiaji kabla ya kuonja, asingoje siku ya mahojiano.

Papa Kalemie ameandika:

Na kazi pia. Madereva wa malori hapa wanapimwa mkojo, na alama zake zinakaa siku nyingi, kwa anayetumia kila siku hata wiki kadhaa. Wenzetu wamepoteza leseni ya lori kwa kitu walichokula Jumamosi wakiwa wamepumzika.

---

Chiriku ameandika:

La mwisho dada. Kwenye friza nimebaki na siagi niliyopewa na jirani, ya kijani kibichi, kopo zima. Hajui aliweka kiasi gani. Naweza kuionja kidogo kidogo nijue nguvu yake?

Bint Pangani ameandika:

Chiriku, usiionje. Ulimi haupimi miligramu, na hujui kama aliikoroga wakati inaganda. Upande mmoja wa kopo unaweza kuwa maradufu ya mwingine. Hata ukijaribu leo kijiko cha juu ukaona sawa, kesho unachota cha chini.

Itupe hivi: iyeyushe kidogo, changanya na machicha ya kahawa au mchanga wa paka, funga kwenye mfuko, mfuko ndani ya mfuko, uingie kwenye taka siku ile ile ya gari la taka. Usiimwage kwenye sinki, itaganda bombani. Na usiiache kwenye ndoo ya nje usiku, mbwa wanaipenda siagi na bangi inawaumiza vibaya, kiasi kidogo tu mbwa anashindwa kusimama na kujikojolea. Kama jirani ana mbwa na ana kopo lingine, mgongee mlango umwambie.